Saa Nane ya Karani wa Zamu

Mzee Obadia Tweve alivaa miwani yangu, akalalamika kwamba inambana masikio, kisha akafungua daftari lake na kuanza kusoma kwa sauti kama anasoma somo kanisani. Mimi nilikaa kwenye kigoda katikati ya magunia ya viazi vya mbegu, nikamwangalia mzee wa watu akinifanyia udanganyifu wangu.

Maana ulikuwa udanganyifu, na nilijua. Miwani ile iliitwa Shahidi. Mfuko wa Macho ulimpa kila mwanafunzi uliyemfadhili miwani moja. Kazi yake ilikuwa kufuata mboni mstari kwa mstari, na kupima kama msomaji anaelewa au anatembeza macho tu kama mtu anayetafuta jina lake kwenye ubao wa matokeo. Ukifika ukurasa wa mwisho, inagonga muhuri kwenye Rejesta: LIMESOMWA NA MTU. Mtu gani, haikujua. Walioitengeneza hawakutaka kuhifadhi alama za macho ya watu, kwa hiyo sehemu hiyo waliiachia kiapo. Kifungu cha nne cha mkataba kilisema wazi kwamba macho yanayosoma yawe ya mfadhiliwa mwenyewe.

Nilikuwa nimesoma machapisho mia mbili na kumi na mawili kwa macho haya. Mapitio yangu yalihusu ishara za redio zilizowahi kupokelewa na madishi ya zamani ya Afrika Mashariki, kisha zikatupwa kama kelele. Mia mbili na kumi na mawili, na lililobaki lilikuwa moja: daftari la mkono kutoka kituo kilichokuwepo hapa hapa Njombe kabla chuo chetu hakijajengwa. Kizazi changu hakikufundishwa mwandiko wa kuunga. Nilipolifungua niliona mistari kama njia za mchwa. Tarakimu nilizitambua, maneno hapana. Tarehe ya kuwasilisha ilikuwa keshokutwa, kwa hiyo nikauliza mjini ni nani aliyekuwa karani pale, nikaelekezwa kwa mkulima mmoja wa viazi mwenye umri wa miaka themanini na minne.

"Tarehe kumi na mbili Juni," alisoma Mzee Tweve. "Saa nane na dakika kumi na nne. Mipigo saba. Hakuna wingu. Baridi kali, wino unaganda."

Mapajani nilikuwa na orodha ya ishara ambayo mashine iliinakili kutoka daftari hilo, ile ambayo dunia nzima iliitumia kwa miaka arobaini na mitatu bila mtu kurudi kwenye daftari lenyewe. Nilitafuta tarehe kumi na mbili Juni.

"Samahani, baba. Umesema saa nane? Hapa kwangu ni asubuhi. Saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi."

"Asubuhi ya wapi?" Aliishusha miwani hadi puani, akanitazama juu yake. "Saa mbili asubuhi mimi nilikuwa kitandani, na mama watoto, Mungu amrehemu, anafukuza kuku nje ili nisinzie. Ni saa nane ya usiku, mwanangu."

Alinigeuzia daftari. Palikuwa na tarakimu tu: 8:14. Aliandika saa kama alivyoisema kinywani, kama mama yangu anavyoisema na kama ninavyoisema mimi. Mashine ikaichukua kwa saa za kizungu.

"Lakini hukuandika usiku," nilimwambia.

"Niandike usiku wa nini?" Akalifunga daftari ili nione jalada. "Ona limeitwaje."

Hata mimi niliweza kulisoma, maana jalada lilikuwa na herufi kubwa za chapa: ZAMU YA USIKU. Mashine ilipiga picha kurasa zote za ndani, jalada ikaliacha.

"Makarani wenzako nao waliandika hivi?"

"Tulikuwa watatu, tunapokezana daftari hili moja. Wale wawili walitoka bandarini, walizoea saa za kizungu. Mimi nilitoka ofisi ya kata." Alikuna kidevu. "Mimi ndiye niliyeondolewa, unajua hilo? Barua ilisema rekodi zangu si za kweli. Eti naandika mambo yaliyotokea baada ya zamu yangu kuisha. Nikapelekwa stoo kuhesabu nyaya mpaka kituo kilipofungwa. Nilidhani labda masikio yangu ndiyo yaliyoharibika. Basi, tuendelee, au umechoka?"

Sikuwa nimechoka. Alisoma mpaka mwisho, Shahidi ikatoa mlio wake mdogo, na kwenye Rejesta chapisho la mia mbili na kumi na tatu likagongwa muhuri chini ya jina langu, Vumilia Nyagawa.

*

Mwenzangu wa chumbani anaitwa Sikudhani, na ni kweli huwa hadhani. Yeye huwa na uhakika. Naye alikuwa mfadhiliwa wa Mfuko, akiandika kuhusu pete za Zohali. Aliporudi kutoka chakula cha mchana alinikuta nimepiga magoti sakafuni, vipande vya karatasi vimenizunguka.

"Umepoteza hereni?"

"Kaa chini, Siku. Usikanyage."

Nilikuwa nimeandika kila ishara kwenye karatasi yake, saa za makarani wote watatu, kisha nikazipeleka za Mzee Tweve kwenye saa za wenzake kwa kuondoa sita. Nikazipanga kwa tarehe. Nilimsomea saa hizo za usiku, kwa saa za kizungu: mbili na kumi na nne, mbili na kumi, mbili na sita, mbili na mbili, moja na hamsini na nane, moja na hamsini na nne, moja na hamsini. Zilikuwa karatasi sabini na saba, wiki kumi na moja za usiku, na hakuna hata moja iliyokosa.

Sikudhani alikaa sakafuni na sketi yake nzuri.

Anayesoma hili na hajasoma mambo ya anga nimweleze kwa ufupi. Kitu cha duniani hufuata saa ya dunia. Jenereta likiwashwa saa mbili leo, kesho nalo litawashwa saa mbili. Nyota hazina habari na saa yetu. Dunia inapojizungusha inasogea pia katika njia yake ya kulizunguka jua, kwa hiyo nyota iliyopita juu ya paa lako leo itapita tena kesho dakika nne mapema, na keshokutwa dakika nane. Dishi la kituo kile halikugeuka. Lilikuwa bakuli kubwa lililochimbiwa bondeni, linasubiri anga lipite juu yake. Chochote kilichogonga mipigo saba kilikuwa kinapita juu ya bakuli lile pamoja na nyota. Kilikuwa huko juu. Mashine ilizihesabu za Mzee Tweve kuwa kelele za magari ya wafanyakazi wanaoingia asubuhi, ikazitupa, na zilizobaki zikawa chache mno kuthibitisha kitu.

"Mipigo saba," alisema Sikudhani. "Kila mara?"

"Kila mara."

Nje wanafunzi walikuwa wanagombania zamu ya kamba ya kuanika nguo. Nilijisikia mdogo sana, na mwenye furaha. Watu watatu waliokuwa wanapuliza vidole kwa baridi waliandika jambo kubwa kuliko milima yote inayotuzunguka, halafu likapotea kwa sababu ya namna mtu mmoja alivyozoea kutaja saa.

Kisha nikakumbuka kiapo.

Sikudhani alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Sasa tatizo liko wapi? Utaapa kwamba daftari limesomwa. Si limesomwa?"

"Nitaapa kwamba nimelisoma mimi."

"Umelisikia. Masikio na macho ni majirani." Aliona sicheki, akaacha. "Vumi, nisikilize. Ukisema, wanakukatia ufadhili. Hilo moja. Yote mia mbili na kumi na matatu yanafutwa muhuri. Na chapisho lililofutwa kwa udanganyifu halitajwi popote kwa miaka saba. Huyo mzee ana miaka mingapi?"

"Themanini na minne."

"Basi unamzika mara ya pili."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonikera. Nikinyamaza, ukweli unapita, Mzee Tweve anasafishwa jina, mimi nabaki chuoni. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kunilipia hata muhula mmoja. Uongo wenyewe ungekuwa sentensi moja.

Lakini nilikuwa na miaka minane chombo Kereng'ende kilipoanguka Mirihi na watu kumi na mmoja ndani. Chanzo kilikuwa tarakimu moja ya uzito wa hewa ya kule. Mashine ilikosea kuinakili kutoka ripoti ya awali, mashine nyingine ikafupisha ufupisho, ya tatu ikazitaja zile mbili kama ushahidi, na kwa miaka thelathini kila aliyeuliza alionyeshwa marejeo elfu nne yanayokubaliana. Hakuna mtu aliyekuwa ameisoma ripoti yenyewe. Ndipo Mfuko ukaundwa, wa kuwalipa wanafunzi wa vyuo wasome kwa macho na kuandika mapitio. Watu walitucheka, eti tunalipwa kusoma kama watoto wa chekechea. Ila Rejesta ile ilikuwa mahali pekee duniani ambapo neno "limesomwa" lilimaanisha limesomwa. Nikiweka humo uongo mmoja, hata wenye sababu nzuri kiasi gani, wa kwangu hautakuwa wa mwisho. Kila mwenye kudanganya ana sababu nzuri.

*

Niliwasilisha mapitio kwa wakati, na jopo likakaa siku mbili baadaye, saa tatu asubuhi. Mwenyekiti alikuwa Dokta Nuhu Mwalongo, mtu mrefu, mpole, ambaye wanafunzi tulimwita Kifungu kwa jinsi alivyopenda mkataba. Alikuwa ameyasoma mapitio yangu. Kurasa zake zilijaa alama za penseli.

"Nimefundisha miaka ishirini na sita," alisema. "Jana nilisimama nyuma ya nyumba yangu nikatazama juu kama mtoto. Mke wangu alidhani naangalia paa linavuja." Wajumbe wawili walitabasamu. "Haya, binti Nyagawa. Apa, tumalize, halafu tuzungumze kama watu."

"Siwezi kuapa, Dokta."

Tabasamu lilimkaa usoni muda kidogo zaidi ya lilivyostahili, kama mgeni asiyejua ameshaagwa.

Nilimweleza yote. Sikutafuta maneno ya kujipendezesha, na sikulia. Nilipomaliza alivua miwani yake mwenyewe akaifuta kwa tai.

"Kwa nini hukuja kabla ya kugongwa muhuri? Ungesema hujui kusoma mwandiko, tungekupa muda, tungemwita mzee mwenyewe kama msaidizi. Kifungu cha kumi na moja kinaruhusu."

"Sikukifikia kifungu cha kumi na moja, Dokta."

Mjumbe mmoja aliguna. Mfadhiliwa wa Mfuko wa Macho hakuwa amesoma mkataba wake mpaka mwisho. Hata mimi ningecheka kama lingekuwa la mwingine.

"Naweza kutozisikia dakika hizi kumi," alisema Dokta Mwalongo taratibu, bila kumtazama mtu. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akisema jambo kama lile. Nikaona jinsi anavyokitaka kitu kile cha mbinguni, anavyokitaka kuliko mimi.

"Mimi nimeshazisema," nikajibu.

Alivuta pumzi, akafungua Rejesta ukutani. Hakuna kitu kilichowahi kuniuma kama kuitazama ile orodha. Mistari mia mbili na kumi na mitatu ya kijani ilififia mmoja mmoja kuanzia juu, miezi kumi na minne ya maisha yangu, vichwa vya machapisho niliyoyajua kama majina ya ndugu. Daftari la Zamu ya Usiku lilifutika mwisho. Pembeni yake ikatokea tarehe ya miaka saba mbele.

"Ufadhili unakoma leo," alisema. "Chumba utakirudisha Ijumaa. Pole sana, mwanangu."

Nilisimama. Nilipofika mlangoni, wazo lilinijia, na sidai lilitoka kwenye akili nyingi. Lilitoka kwenye uchungu.

"Dokta, kifungu kinakataza kulitaja daftari. Kinakataza kusikiliza?"

Aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Dishi la zamani, lile la bondeni, bado linafanya kazi. Mwaka wa kwanza wanajifunzia. Nimepiga hesabu. Kwa mwezi huu wa Novemba, sehemu ile ya anga inapita juu yake mchana kweupe. Leo ni saa kumi na dakika ishirini na mbili alasiri."

Dokta Mwalongo alitazama saa ya ukutani, kisha akawatazama wajumbe wenzake, kisha akaanza kukusanya karatasi zake haraka kama mtu aliyesikia mvua imeanza na ameanika mahindi.

*

Nilikwenda mwenyewe kumchukua Mzee Tweve. Nilimkuta akichambua viazi. Nilimwamkia, nikamwambia niliyoyafanya, nikiwa nimesimama, maana sikustahili kukaa.

"Miaka saba," alisema. "Nitakuwa na tisini na mmoja."

"Ndiyo, baba."

"Ungeniuliza kwanza. Jina lililotupwa ni langu pia."

Ni kweli sikumuuliza. Nilikuwa nimepima dhamiri yangu, masomo yangu na Rejesta ya dunia nzima, na yeye nikamweka kwenye mizani bila kumwambia. Nilisema nisamehe, baba. Alichambua viazi vitatu zaidi, viwili akavitupa, kisha akaenda ndani akarudi amevaa koti la suti na kofia ya sufu.

"Twende tukasikie," alisema. "Kama hakuna kitu, nitajua ni masikio."

Bondeni mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye ukingo wa dishi, na manyunyu yameanza. Mawimbi ya redio hayajali mvua, lakini sisi tulijali. Tulijibana ndani ya kibanda cha vifaa: Dokta Mwalongo, fundi mmoja, Sikudhani aliyekuja bila kualikwa, Mzee Tweve kwenye kiti pekee, na mimi mlangoni kwa sababu sikuwa tena mwanafunzi wa mtu. Spika ilitoa mvumo wa anga, ule mchakacho kama mafuta yanayokaangizwa nyumba ya tatu.

Saa kumi na dakika ishirini. Moja zaidi. Mzee Tweve alifumba macho. Nilitamani kwa mara ya kwanza siku ile kwamba ningekuwa nimeapa, kwa sababu kama spika ingeendelea kuchakacha tu, ningekuwa nimetunyang'anya mimi na mzee kila kitu bure.

Mpigo wa kwanza ulikuwa mdogo kiasi kwamba nilidhani ni tone la mvua. Wa pili haukuwa tone. Fundi aliacha kutafuna. Wa tatu, wa nne, wa tano, kila mmoja ukija pale pale sikio lilipoutegemea, kutoka mahali ambapo nuru yenyewe hutumia miaka kufika. Wa sita. Wa saba. Kisha mvumo ukarudi kama kwamba hakuna kilichosemwa.

Dokta Mwalongo alikuwa ameshika ukuta. Sikudhani alikuwa analia waziwazi, naye huwa halii hata msibani. Mimi nilihisi kama paa limeondolewa juu yetu, na mawingu, na kila kilicho juu ya mawingu. Nilikuwa na hofu, na nilikuwa na shukrani, na sikujua nishukuru nini.

"Si masikio," alisema Mzee Tweve.

Fundi alileta daftari jipya la uangalizi. Uangalizi mpya hautegemei chapisho lililofutwa. Unaweza kutajwa hata kesho. Dokta Mwalongo alilifungua ukurasa wa kwanza, akaliweka mbele ya mzee pamoja na kalamu.

"Mwangalizi ni wewe, mzee wangu. Jina lako ndilo litakaloandikwa."

Langu halikuwemo, na halikuweza kuwemo. Iliniuma. Nisingependa mtu anidhanie utakatifu ambao sina.

Mzee Tweve aliishika kalamu, lakini mkono ulitetemeka mpaka wino ukadondoka. Akageuka, akanitafuta pale mlangoni.

"Njoo uandike wewe. Mimi nitakutajia."

Nilipiga magoti kando ya kiti chake. Sijui mwandiko wa kuunga, kwa hiyo niliandika herufi moja moja, kubwa, kama mtoto wa darasa la kwanza: OBADIA TWEVE, KARANI WA ZAMU. Alinitajia tarehe, nikaandika. Alinitajia mipigo saba, mvua nyepesi, mawingu mazito. Alinitajia saa, nikaandika 10:22, nikainua kalamu.

Halafu nikairudisha chini, na mbele ya tarakimu zile nikaandika polepole, ili hata mashine isipate kisingizio: alasiri.